Kidole Kimoja cha Mwandishi wa Programu

Kiharusi kilimwachia mwandishi wa programu wa idara ya maji kidole kimoja tu chenye nguvu. Leo bosi alikuja nyumbani kwake kuona kama bado anaiweza kazi.

"Baba watoto, kwa kidole hicho utamaliza mwakani," mkewe alimtania, akimwekea kompyuta sawa.

Wiki nzima mumewe alikuwa ameifundisha kompyuta amri za mkato, kila herufi ibebe kazi ya mistari mingi. Akabonyeza nukta mbili, kisha v. Papo hapo visima mia nne vikajipanga kwenye kioo, kuanzia chenye kina kirefu kuliko vyote.

Mkewe akashika mdomo. "Herufi moja tu?"

Bosi akavuta kiti karibu. "Jumatatu uwahi kazini, mzee. Ila kwanza, hebu bonyeza nyingine."