Miguu Iliyowaka Kombewa

Nina hasira, na sitajifanya sina. Kanisani wameniambia nisamehe, na mume wangu ameniambia ninyamaze kwa sababu biashara haitaki maneno. Nimewasikia wote wawili. Sasa nanyi nisikieni mimi.

Nasipwondi ni mfanyakazi wangu. Huuza viatu vya mbio katika duka langu la Nyamasaria, kando ya barabara ya Nairobi, na kila Jumamosi asubuhi yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza wateja wetu kukimbia. Walikuja walimu, wauguzi, vijana wa benki, hata mama mmoja wa mitumba anayekimbia na leso kiunoni. Hatukuwatoza kitu. Aliwapandisha njia za miguu za vilima vya Riat na Kajulu, mara nyingine hadi kwenye mawe makubwa ya Seme, na mtu akiishiwa pumzi alimngoja, akampigia hadithi mpaka akainuka tena. Nimefanya biashara miaka mingi na sijapata mfanyakazi ambaye wateja wanamuulizia kwa jina kabla hata ya kuuliza bei.

Amezaliwa Bungoma, akaolewa Kombewa na Oluoch, kijana Mjaluo anayenunua omena, dagaa wa ziwani, huko Usenge na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Wana binti mmoja, Mercyline, wa miaka minane. Katika boma lao pia anaishi mama mkwe, Mama Celestine, mjane, mwanachama wa umoja wa akina mama kanisani, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mto wa pili.

Kwa kuwa ni lazima awahi dukani, Nasipwondi alikimbia alfajiri, kabla hakujapambazuka sawasawa. Alitoka bomani, akazunguka yale mawe ya Seme, akarudi, akaoga, akamwandaa mtoto, akaja mjini. Alifanya hivyo tangu alipoolewa, katika raba kuukuu za turubai. Watu wa Kombewa walisema mke wa Oluoch ana wazimu wa mbio, wakacheka, yakaisha hapo.

Kisha dukani tukapata viatu vya kukimbilia vilimani, vyenye soli ya meno, na kisiginoni na pembeni vina utepe wa fedha unaorudisha mwanga taa ikiupiga. Ni utepe uleule ulio kwenye fulana za askari wa barabarani. Nikampa jozi moja, kwa sababu haifai kiongozi wa mbio avae raba zilizotoboka kidole. Alifurahi, akavivaa humo humo dukani, akafagia navyo.

Asubuhi iliyofuata, Frankline wa bodaboda alikuwa akienda kumchukua muuguzi wa hospitali ya Kombewa. Giza lilikuwa bado lipo. Alipopiga kona, taa ya pikipiki ikaangukia barabara, na mbele yake akaona miguu miwili inawaka, inakimbia, juu yake hakuna mtu. Mtu alikuwepo, ila alikuwa amevaa suruali nyeusi na koti jeusi. Frankline akaingia na pikipiki yake kwenye mkonge.

Sasa angalieni wema unavyomponza mtu. Mwingine angeendelea na mbio zake. Nasipwondi aligeuka, akamkimbilia kumsaidia, na akamwita, "Frankline! Frankline, umeumia?" Taa ya pikipiki ilikuwa bado inawaka mle mkongeni. Frankline akaona ile miguu ya moto inamjia, tena inamjua jina. Aliyekimbia gizani siku ile kwa kasi ya ajabu ni Frankline, wala hakuna aliyemshtaki.

Kufikia saa ya chai soko zima lilikuwa na habari hiyo. "Sikuona mtu, ndugu zangu," Frankline alikuwa akiwaambia. "Niliona miguu tu, inawaka moto! Halafu inaniita jina na sauti ya mke wa Oluoch. Yawa, mimi nilikufa nikafufuka."

Huku kwetu mtu anayekimbia gizani huitwa jajuok. Husemwa kwamba hutupa mchanga juu ya mabati ya watu waliolala, hutikisa milango, hukimbia bila nguo, na hubeba moto usiomchoma. Na husemwa kwamba jambo lenyewe hurithiwa: mama huchagua mtoto mmoja, akamfundisha. Msinieleze mila. Mimi ni Mjaluo, nimezaliwa Seme hiyohiyo ilipo Kombewa, na hadithi za jajuok nimezinyonya pamoja na maziwa. Hata kwao Nasipwondi Bungoma wanazo. Ninalouliza ni hili: jajuok gani huyo anayekimbia kila siku njia ileile, kisha anapanda gari kwenda kazini na kuwasalimu majirani stendi?

Jioni Nasipwondi aliporudi kutoka mjini alikuta godoro la Mercyline halipo. Limehamishiwa nyumba ya bibi yake, Mama Celestine, ambaye mtoto humwita Dani. Akabisha.

"Mtoto amelala," Mama Celestine akajibu bila kufungua.

"Mama, bado ni mapema. Hajakula."

"Amekula hapa. Na atakula hapa. Wewe nyar Bungoma, binti wa kuja, mambo yako fanya na wewe mwenyewe, mjukuu wangu hutampatia hiyo kitu."

"Kitu gani, Mama?"

"Unakijua."

Na ndani Nasipwondi akamsikia mtoto wake akilia. Alikaa nje ya mlango ule mpaka umande ukamlowesha.

Alikuja kazini macho yamevimba, akanieleza. Nikamwambia ampigie mumewe. Akampigia mbele yangu, nikasikia kwa masikio yangu. Oluoch akasema, "Kwa sasa wachana na mama, usibishane. Nitakuja mwisho wa mwezi tuongee." Mwisho wa mwezi! Mvua ikinyesha Usenge, omena zake zikiwa juani, Oluoch hukimbia ufuo mzima kuzifunika. Mtoto wake kafungiwa, naye anangoja mwisho wa mwezi. Nikamnyang'anya Nasipwondi simu nikamwambia Oluoch mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alikuja Jumapili.

Jumapili hiyo Mzee Absalom, mzee wa nyumba kumi, aliita kikao sebuleni kwa Mama Celestine baada ya ibada. Nilikwenda. Nilibeba jozi mpya ya viatu vilevile na tochi, nikijiona mwerevu. Nilijua watu wakiona kwa macho yao, maneno yataisha. Nikaomba pazia zishushwe. Nikaweka kiatu juu ya meza, kwenye kitambaa cha kufuma, nikasema, "Wazee wangu, akina mama, huu ni utepe tu. Tazameni." Nikawasha tochi.

Kiatu kikawaka.

Akina mama wakapiga mayowe. Mmoja alipanda juu ya kochi na viatu vyake vya kanisani. Frankline, aliyekuwa mlangoni, akapaza sauti, "Si mnaona? Si niliwaambia?" Pazia zikafunguliwa haraka, na Mzee Absalom akanitazama kwa huzuni, kama mtu aliyesikitishwa na binti wa nyumbani.

"Kwa hivyo Debra," akasema, "ni wewe unawauzia."

"Mzee, ni viatu!"

"Na hao watu wako wa Jumamosi, mnakutana saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla ya jua kali."

"Mko wengi?"

Nikafunga mdomo, lakini nilikuwa nimechelewa. Waliguna wote. Kumbe nilikuwa nimekwenda kumtetea jajuok mmoja, nikawapelekea chama kizima chenye duka. "Lisemwalo lipo," akasema Mama Celestine, na wenzake wakaitikia. Nilitaka kurusha kile kiatu dirishani.

Wakatoa masharti. Nasipwondi aape juu ya Biblia kwamba hatakimbia tena, si alfajiri, si mchana. Viatu vichomwe. Akikubali, mtoto atarudi kulala kwake. Oluoch alikuwa ameketi pembeni, kofia mapajani, akiuzungusha ukingo wake kama usukani. Nikamwambia, "Oluoch, sema kitu! Huyu ni mke wako." Akasema, "Madam, tufuate tu vile wazee wamesema, ndiyo kuwe na amani." Amani! Watu wakishakosa uti wa mgongo husema wanatafuta amani.

Nikasimama kuwapa vidonge vyao. Nasipwondi akanishika mkono.

"Madam, nyamaza," akasema. "Mimi nataka mtoto wangu."

Akageukia wazee. "Nikiapa, atarudi leo?"

"Leo leo," akasema Mzee Absalom.

Akaapa. Kisha akaenda mwenyewe kuvileta viatu, akavitupa langoni, na Frankline akavimwagia mafuta ya taa. Moshi wa mpira ukajaa boma. Ule utepe wa fedha ulikataa kuungua, ukajikunja tu na kumetameta motoni, na akina mama wakarudi nyuma wakilitaja jina la Bwana. Mercyline alitolewa nje ya nyumba ya bibi yake wakati huo, akaona yote: moto, umati, mama yake amesimama peku. Nasipwondi akamkimbilia hatua mbili, akakumbuka, akasimama, akamalizia kwa kutembea. Nilirudi Kisumu nikilia kwa hasira.

Kombewa ikaridhika. Wakasema amepona. Mama Celestine alianza tena kula ugali wa mkaza mwana wake, na hata akamsifu kanisani kwa unyenyekevu. Dukani Nasipwondi aliendelea kuuza, lakini Jumamosi alikataa kuongoza. Wateja walimuuliza, akasema goti linamsumbua. Nilimtafutia maneno ya kila aina. Nikamwambia kiapo cha kulazimishwa si kiapo, nikamwambia Nyamasaria hakuna anayemjua Frankline. Akanijibu, "Madam, wewe ukilala, mtoto wako yuko kwa nyumba." Kilichoniumiza zaidi nilikiona siku ya mvua. Ilitushukia ghafla stendi, watu wote wakakimbilia barazani, mabibi vizee wakakimbia. Nasipwondi alitembea. Alifika ameloa chapachapa, mkoba kifuani.

Mwisho wa muhula shule ya Mercyline ilikuwa na siku ya michezo. Mwalimu mkuu aliniomba zawadi, nikapeleka raba za watoto, bila utepe wowote, maana sina nguvu za kikao kingine. Nilikaa na Nasipwondi nyuma ya kamba. Wageni wa heshima walikuwa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, Mzee Absalom akiwa mmoja wao, na Mama Celestine, amejifunga kitambaa cha sare ya umoja wao. Jua lilikuwa la utosi.

Zikafika mbio za wasichana wa gredi ya tatu. Mercyline alikuwa katikati ya mstari. Mwalimu wake alituambia kwa furaha, "Huyu wenu hapo awali alikuwa akiwaacha wote."

Filimbi ikalia. Wasichana wakachomoka kwa vumbi na kelele.

Mercyline akatembea.

Alitembea mikono imeshuka ubavuni, uso mbele, kama watoto wanavyotembea kupeleka sadaka altareni. Watu walidhani ni mzaha, wakacheka. Mwalimu akapiga kelele, "Kimbia, we mtoto! Kimbia!" Wenzake walishafika na wanarukaruka, yeye yuko katikati ya uwanja, anatembea. Kicheko kikazidi. Nasipwondi akapita chini ya kamba, nami nikamfuata.

Tulimngoja mwisho wa uwanja, mbele ya hema. Nasipwondi akachuchumaa.

"Mbona hukukimbia? Umeumia?"

"Hapana."

"Sasa nini?"

Mtoto akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja somo alilofundishwa: "Nikikimbia Dani atasema ni wewe umenifundisha. Watakuja kunichukua tena."

Viti vya mbele vilisikia. Mama Celestine alisikia, maana alifungua mkoba wake na kuanza kutafuta kitu ambacho hakikuwamo. Mzee Absalom akaangalia hema lilivyofungwa. Nilitamani hasira yangu iwe rungu.

Nasipwondi akainuka. "Mama," akamwambia mama mkwe wake, kwa Kidholuo alichojifunza katika boma lile, "niliapa nikidhani ninamwokoa mtoto. Sasa tazameni wote. Ni saa sita mchana."

Akavua ndala zake. Akakunja sketi juu ya magoti, akaingia uwanjani, akakimbia. Alikimbia uwanja mzima, kwenda na kurudi, peke yake, na hakuna aliyecheka. Hata wauza miwa langoni waliweka visu chini wakatazama. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma, na nilikuwa peke yangu katika kupiga makofi hayo, Mungu awasamehe, maana mimi bado.

Akarudi mbele ya hema, jasho linamtiririka, uso wake ukiwa ule niliokuwa nimeukosa dukani kwa muhula mzima. Akamnyooshea Mercyline mkono.

"Twende. Sasa wewe na mimi."

Mtoto alitaka. Nilimwona alivyotaka, mguu wake mmoja ulikuwa umeshatangulia. Lakini hakuushika mkono wa mama yake mpaka alipogeuka kwanza kumtazama Dani.