Koti la Baba na Homa ya Meja

Kabla mdogo wangu hajazaliwa, mimi nilikuwa Inspekta. Baba ndiye aliyenipa cheo hicho nikiwa bado navaa kandambili kinyume, na mstari wetu wote wa nyumba hapa kambi ya polisi, Naguru, ulikikubali. Mama akipita kwenda bombani wanamwita Mama Inspekta. Mimi nikitumwa mkaa, muuza mkaa ananipigia saluti kwanza, halafu ananipunja kama anavyowapunja wengine wote.

Halafu akaja yeye. Wa kiume. Baba, ambaye mwenyewe ni koplo na amekuwa koplo tangu nimfahamu, alimwinua juu mbele ya majirani akatangaza, "Huyu ni Meja!"

Sasa, mtu anayeishi nchi hii anajua mambo yalivyo siku hizi. Vyeo vinagawiwa kama njugu. Mtu analala koplo wa jeshi, redio inamwamsha kanali. Na meja wa jeshi akipita, inspekta wa polisi anasimama wima hata kama ana mvi mpaka kwenye nyusi. Kwa hiyo nilifutwa kazi siku ile ile, bila hata ahsante. Kufikia jioni mama alikuwa Mama Meja, na mimi nilikuwa "wewe, leta maji."

Kulipiza, nilikuwa nikikaa nyuma ya pazia na kusoma taarifa ya habari kwa sauti nene ya redio. "Meja amekula udongo asubuhi ya leo. Hali ya udongo ni mbaya. Wananchi wanaombwa kuwa watulivu." Mama alicheka mara moja tu, kisha akachungulia nje kuona nani amesikia. "Mdomo wako huo," alisema, "utatupeleka gereza la Makindye, na huko hatutakuwa tumeenda kutembea."

Meja mwenyewe, alipoanza kusimama, alijifunza saluti kabla ya kujifunza kupangusa kamasi. Mkono ulikuwa unatua sikioni badala ya kwenye paji la uso, lakini watu walikufa kwa kucheka. Alimpigia saluti baba. Alimpigia muuza maziwa. Aliwapigia kuku, na sare za polisi zilizoanikwa kwenye kamba. Mimi hakunipigia hata siku moja. Nilisimama mbele yake, nikakanyaga mguu chini kama askari wa gwaride, naye akaniangalia kama ukuta. "Bado mdogo, hajajua," alisema baba. Kuku anamjua, dada yake hamjui!

Sukari nayo ilikuwa imepotea Kampala nzima. Sisi chai tuliinywa chungu, tukiikumbuka. Lakini Meja alikuwa na kopo lake nyuma ya sanduku la nguo, na mimi ndiye niliyekoroga sukari hiyo kwenye uji wake huku nikimeza mate. Hayo yote ningesamehe. Kitu ambacho sikusamehe ni koti.

Baba ana koti la sufu, zito, refu mpaka chini ya magoti, alilopewa zamani alipoandikishwa polisi. Lina vifungo vya shaba na linanuka tumbaku na rangi ya viatu. Nyumbani kwetu, mtoto akishikwa na homa anafungwa ndani ya koti lile mpaka atoe jasho. Ndivyo bibi yetu wa kaskazini alivyowafanyia watoto wake kwa blanketi, ndivyo baba alivyonifanyia mimi kwa koti. Alifunga vifungo vyote mpaka kidevuni, akasema, "Inspekta, tulia kazini." Kifungo cha juu nilikinyonya kama pipi. Kina alama za meno yangu hadi leo, ukikigeuza kwenye mwanga utaziona. Kitu pekee duniani chenye sahihi yangu kilikuwa kile.

Basi Jumamosi moja, mvua zikiwa zimeanza, Meja akaamka anawaka. Ukimgusa tumbo unatoa mkono haraka kama umegusa birika. Baba alikuwa zamu barabarani. Mama alimpondea kidonge cha klorokwini kwenye sukari (ndiyo, sukari), Meja akakitema chote kwenye sketi yangu ya shule. Mama alimwangalia. Nilijua anachofikiria. Mvua za mwaka uliopita, mtoto wa nyumba ya mwisho kwenye mstari wetu alianza hivi hivi asubuhi, degedege likamshika mchana, na kabla jua halijazama wanaume walikuwa wanachimba.

"Namtafuta dresa," mama alisema, akijifunga leso. Dresa ni yule mtoa dawa wa zahanati ya kambi, na Jumamosi lazima umfuate mtaani. "Wewe mpanguse kwa maji. Mwili wote. Usiache. Unanisikia? Leo hakuna redio."

"Nimesikia, Mama."

"Uapishwe?"

"Mama, nimesikia!"

Akatoka, karibu anakimbia.

Hajafika hata bombani, jirani yetu akaingia. Huyu ni mama mtu mzima wa Kinubi, sote tunamwita Bibi. Babu yake alikuja na jeshi la wazungu kutoka Sudani, na yeye hujiona kama ndiye mwenye kambi. Kutwa yuko barazani kwake anasuka sinia za rangi, na macho yako kwetu.

"Wewe binti! Mutoto iko uchi hivi na homa? Upepo itaingia yeye! Koti wapi?"

"Mama kasema nimpanguse, Bibi."

"Mama yako amechanganyikiwa. Leta koti!"

Akalishusha mwenyewe msumarini, akamviringisha Meja, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni, akafunga na mlango. Halafu akarudi kwenye sinia zake, ameridhika.

Nyumba yetu ni ile ya mabati ya duara, tunayoiita unipoti. Mchana jua likitoka baada ya mvua, ndani unaweza kuoka mkate. Nilikaa kwenye kigoda na beseni langu na kitambaa changu. Nipanguse nini sasa? Ilibaki pua tu. Meja alilia, kisha akalalamika, kisha akanyamaza. Macho yalikuwa mekundu, uso mkavu. Nikamwambia, "Meja, toa taarifa ya hali yako." Hakuna. Nikamkunjia uso, nikajifanya kuku. Hakuna.

Halafu akageuza kichwa kidogo, akapata kifungo cha juu, akakitia mdomoni, akaanza kukinyonya.

Sijui niseme nini kilichonipanda. Umechukua cheo, nikanyamaza. Umechukua jina la mama yangu, sukari, nafasi yangu ya kulala ndani ya pazia, nikanyamaza. Sasa na meno yangu? "Hiyo yangu!" nilisema, kwa sauti kabisa, kumwambia mtoto asiyejua hata kuomba choo. "Hiyo yangu tangu kabla yako!" Nikafungua vifungo kimoja kimoja, nikamtoa ndani ya koti kama ndizi kwenye ganda, nikamlaza kwenye mkeka. Na ili pasiwe na mabishano, nikalivaa mimi. Nikafunga vifungo mpaka kidevuni.

Mjue basi, nilikuwa naungua. Ndani ya mabati, ndani ya sufu, jasho linanitiririka mpaka kwenye visigino. Lakini kulivua? Ningekufa kwanza. Nilichofanya ni kupiga mlango teke ukafunguka, nikauvuta mkeka mpaka kizingitini kwenye upepo, kwa faida yangu. Na kwa kuwa mwili wake wote sasa ulikuwa wazi na amri ya mama ilikuwa kichwani, nikaanza kumpangusa. Shingo, kwapa, mgongo, mapaja. Nachovya, nakamua, napangusa, na kila mara nanung'unika. "Haya, Mheshimiwa. Mguu wa kushoto, Mheshimiwa. Dada yako mtumwa yuko hapa, Mheshimiwa."

Kisha mkono wake ukaruka. Ukaruka tena. Macho yakapanda juu, nikaona weupe.

Mzaha wote ukaniishia. Nilikumbuka wale wanaume na majembe. Nikawaza, nilitaka ashushwe cheo, sikutaka azikwe. Nikamgeuza ubavu, nikamwaga beseni lote juu yake, nikawa naita, "Meja! Meja! Afande!" Mimi, kumwita yeye afande! Mkono ukaruka mara nyingine, ukatulia. Macho yakashuka, yakanikuta. Akapiga ukelele wa hasira wa mtu aliyemwagiwa maji usingizini, na sijawahi kusikia redio yoyote ikitoa sauti tamu kama ile.

Bibi alikuja mbio na sinia mkononi.

"Allah! Mutoto uchi, ndani ya maji, na wewe umevaa koti? Wewe ndiyo mugonjwa?"

"Bibi, usimfunike."

"Toa koti!"

"Sitoi. Kama anataka koti, alete la baba yake."

"Baba yake si ndiye baba yako?"

"Basi tumeshagawana. Yeye amepata baba, mimi nimepata koti."

Akashika mkono wa koti, akavuta. Mimi nikashika mlango, nikavuta huku. Mstari mzima ulitoka kuangalia, wengine na watoto mgongoni, na mmoja akawa anashangilia, sijui upande gani. Katikati yetu Meja yuko chini, analia kwa nguvu zake zote. Ndivyo mama na dresa walivyotukuta.

Dresa alipita chini ya mikono yetu kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Akamgusa mtoto paji la uso, tumbo, nyayo. Akaangalia macho. Mama alisimama tu, leso mdomoni.

"Nani amemfunua?" aliuliza dresa.

Bibi alininyooshea sinia. "Huyu! Si dawa, si nini. Wivu tu! Wivu wa koti!"

"Mkono ulikuwa unaruka," nilisema. "Na macho. Nikammwagia maji."

Dresa alinitazama, nimevimba ndani ya sufu, jasho puani. "Angebaki ndani ya hicho ulichovaa," alimwambia mama, "tungeongea mengine sasa hivi." Kisha akatoa dawa ya maji kwenye chupa, akambana Meja pua, akamnywesha, na safari hii haikutemwa.

Mama alimnyanyua, akamlowesha kwa machozi juu ya maji yaliyokuwepo. Nilisubiri. Nadhani nilikuwa nasubiri anikumbatie na mimi. Alinipita, akageuka mlangoni, akaniwekea kiganja shavuni, kikakaa pale. "Vua hilo koti, mwanangu, utaanguka," alisema.

Baba aliporudi kesho yake, Meja alikuwa ameketi anakula ndizi. Alisimuliwa yote. Akaniangalia, akamwangalia mtoto. Nikajinyoosha, nikajua sasa ndiyo saa yangu ya kurudishwa kazini. Baba akamwinua Meja juu mpaka karibu na bati.

"Ameshinda homa!" alitangaza. "Kuanzia leo, Kanali!"

Mstari mzima ukapiga vigelegele. Bibi ndiye aliyevipiga kuliko wote. Mimi nilipewa sabuni na koti, kwa sababu Kanali, kabla sijamvua jana yake, alikuwa amelikojolea, nami sikuwa nimejua nimevaa nini.

Nililifua. Lilipokauka, kabla sijalirudisha msumarini, nililijaribu tena nyuma ya nyumba, nikafunga vifungo mpaka kidevuni. Kanali akatokea kwenye kona na kipande cha muwa, miguu bado dhaifu. Akasimama. Akanitazama kutoka chini mpaka juu. Akahamishia muwa mkono wa kushoto, akainua wa kulia, ukatua sikioni.

Najua saluti ile alikuwa anapigia koti. Kwani aliwahi kupigia sare kwenye kamba, na kuku. Nilikanyaga mguu chini, nikaipokea.