Kibodi Mbili za Susana Nyamusi

Susana Nyamusi alikuwa karani wa taipu katika ofisi yetu ya ushirika hapa Migori kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuona amekiacha kitu uchi. Simu ilikuwa na kitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa. Kabati langu la mafaili, ambalo sikumwomba mtu alivishe, lilikuwa na vitambaa viwili, na kila nilipotaka kufungua droo ya juu ilibidi kwanza nisogeze ua la uzi mweupe. Alivifuma mwenyewe nyumbani, na vilikuwa vimekakamaa kama sahani. Nilimwambia mara nyingi kwamba hii ni ofisi ya wakulima wa mahindi, si sebule ya bibi arusi. Naye alinijibu, "Jared, wewe ulitoka Kosele na shati moja, utajua nini kuhusu usafi?" Ni kweli nilitoka Kosele na shati moja, lakini hilo halikumhusu.

Yeye alishuka kutoka upande wa Kisii mwaka wa 1978 pamoja na mumewe, muuza nguo. Mume akafa, Susana akabaki na msichana mmoja, Moraa, na ile mashine ya taipu ya ofisi. Hapakuwa na shamba, wala shemeji wa kusaidia. Mshahara wake ndio uliolisha nyumba, na wakati ninaousimulia Moraa alikuwa kidato cha tatu. Kila Ijumaa saa nane mchana, Mama Moraa alikusanya vitambaa vyote vya ofisi ndani ya kikapu, akaenda kuvifua kabla Sabato haijaingia, na Jumatatu asubuhi vikarudi vimenyooka. Huo ulikuwa mpango wake na hakuna meneja aliyethubutu kuugusa.

Kompyuta ililetwa mwezi wa tatu mwaka wa 1997. Meneja wetu, Bwana Mayaka, alikuwa ameiona moja katika ofisi fulani huko Homa Bay na hakutulia mpaka tukapata yetu. Susana alipelekwa huko huko Homa Bay kwa kozi ya wiki mbili, akarudi na cheti, akaketi, akaanza kazi. Na kwa sababu alikuwa Susana, aliivisha. Kitambaa kikubwa juu ya skrini, kirefu juu ya kibodi kila alipoinuka, na kimoja cha mviringo chini ya mausi, kile kidude cha kusukuma kwa mkono, ili kisichafuke tumbo.

Mvua za mwezi wa nne zilipoanza, mashine iliugua. Ukibonyeza A mara moja ilijiandika mara kumi na moja. S haikutokea kabisa. Kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi kilizama, kikakaa huko huko chini. Mshale kwenye skrini uliruka, ukakwama, ukaenda kona ya juu kama mtoto aliyenuna. Barua ya wanachama wa Ogwedhi ilianza na "Ndugu Mwaaaaaaaaaaanachama", na Bwana Mayaka aliisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho.

Tulipiga simu kwa waliotuuzia. Wakasema tuzime, tungoje kidogo, tuwashe. Tukazima, tukangoja, tukawasha. Wakasema tuchomoe waya wa kibodi na wa mausi, tutazame kama vimeno vya plagi vimepinda, turudishe. Havikuwa vimepinda. Wakasema basi tuzime tena. Nikamwambia yule kijana wa simu kwamba kuzima tunajua, hata taa za nyumbani tunazima wenyewe. Akakata simu, na mimi nikabaki nimeshika mkono wa simu na kitambaa chake.

Hapo ndipo alipoitwa Elkana Mirumbe, fundi wa redio kutoka Ntimaru, mtu mwembamba, mpole, asiyependa kuketi. Alikuja siku ya Alhamisi. Akabonyeza kila kitufe, kimoja kimoja, kwa mpangilio. Vyote vikafanya kazi. Akasukuma mausi, mshale ukatambaa kwa shida lakini ukafika. Akanitazama mimi, nami nikamtazama Susana.

"Wiki hii imepona?" aliuliza Elkana.

"Alhamisi huwa inapona," Susana alisema. "Jumatatu na Jumanne ndiyo inateseka."

Nilicheka. Elkana hakucheka. Akaandika kwenye karatasi: Jumatatu, Jumanne. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo naliona la busara: ukishindwa kujua mgonjwa ni nani, badilisha mmoja uone. Akaenda kuazima kibodi kutoka shule moja ya sekondari, akaipachika mahali pa ile ya zamani huku mashine imezimwa, akaiacha. Ijumaa ikafanya kazi safi kabisa. Jumatatu Susana akarudi na kikapu chake, na kufikia saa nne kibodi ya shule nayo ilikuwa inaandika A kumi na moja.

Bwana Mayaka alitoka ofisini mwake kuja kuangalia. Alikuwa mtu wa hesabu, na alipiga hesabu palepale mbele yetu.

"Kibodi mbili," alisema. "Mwanamke mmoja."

Alikuwa anaamini Susana anaiharibu mashine kwa makusudi ili arudishiwe taipu yake. Ningemtetea, lakini ukweli ni kwamba hesabu ile ilinishinda hata mimi.

Jumanne asubuhi meneja aliondoka kwenda Homa Bay kwa mkutano wa siku mbili. Kabla ya kuondoka alifanya kama alivyofanya kila safari: aliandika barua zake zote kwa kalamu, akazitia kwenye trei ya Susana zichapwe, azisaini akirudi. Bwana Mayaka hakuruhusu barua ya mkono itoke katika ofisi ile. Alikuwa akisema barua ya mkono ni ya wapenzi. Safari hiyo zilikuwa sita.

Elkana alifika saa sita. Alimkuta Susana ametulia mbele ya skrini, mikono mapajani. Hakugusa mashine. Alizunguka meza mara mbili, akaiinamia kibodi karibu kabisa, akawaona sisimizi wawili wakitoka chini ya herufi S, wakatembea taratibu mpaka ukingoni. Elkana akabonyeza A, akainua kidole, akakitazama, akakitia mdomoni.

"Ni tamu," alisema.

Fundi akachukua kitambaa cha kibodi, akalamba pembe yake. Akachukua cha mausi, akakilamba nacho.

"Mama, vitambaa hivi unavitia nini vinakuwa vigumu namna hii?"

"Maji ya sukari," Susana alisema. "Nachemsha, naloweka, naanika, napiga pasi. Mama yangu alifanya hivyo."

Kila nyumba ya heshima ilifanya hivyo, hata ya shangazi yangu. Lakini meza ya shangazi haikuwa na umeme ndani. Elkana akatueleza bila kumlaumu mtu: mvua inaleta unyevu, unyevu unalainisha sukari, sukari inashukia vitufe, vinagandana, halafu sisimizi wanaifuata na kuila, na kufikia Alhamisi wameimaliza. Ndiyo maana kibodi ilikuwa inapona. Sisimizi ndio waliokuwa mafundi wetu.

Kazi ilichukua saa tatu. Waliizima mashine, wakazipindua kibodi zote mbili juu ya gazeti na kuzipigapiga mgongoni, wakapata sisimizi, makombo, na pini yangu ya karatasi niliyokuwa nimemsingizia mtu mwingine. Elkana akabandua vitufe kimoja kimoja kwa bisibisi, Susana akavifuta kwa pamba iliyolowa spiriti. Mausi waliigeuza, wakazungusha kifuniko cha tumboni, gololi ikadondoka. Ndani, vile virola vidogo vinavyosuguana na gololi vilikuwa vimezungukwa na uzi mweupe na sukari. Susana aliukwangua kwa kijiti cha meno, akaosha gololi kwa sabuni, akaifuta, akairudisha. Kisha akaviondoa vitambaa vyote vitatu, akavikunja, akavitia kapuni. Mashine ikawashwa. Ikaandika A moja.

Fundi alipoondoka, Susana alivuta trei, akaanza kuchapa. Barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Halafu vidole vikaacha kuchapa. Nilidhani S imerudi na mambo yake.

"Jared," aliniita baadaye, sauti yake ya kawaida. "Nipe namba ya faili langu."

"Lako la nini?"

"Barua inataka kumbukumbu namba."

Nilienda mezani kwake nikasoma. Ilikuwa barua ya kumfuta kazi Bi. Susana Nyamusi, kwa sababu ameshindwa kabisa kutumia kompyuta ya ofisi. Imeandikwa kwa kalamu ya Bwana Mayaka, ikatiwa kwenye trei ya Bi. Susana Nyamusi ili aichape. Na angeichapa nani? Mimi sijui kuchapa, meneja hajui kuchapa. Hata haya hakuona, au labda hakufikiri, na sijui lipi ni baya zaidi. Nilichemka. Nilimwambia airarue. Nilimwambia tuseme imeliwa na sisimizi, ushahidi tunao.

"Nimeambiwa nichape," alisema. "Namba, Jared."

Nikampa namba. Akachapa. Akaisoma skrini kwa kidole, mstari kwa mstari, akarekebisha mahali ambapo meneja alikuwa amesahau tarehe, akaipiga printa, nakala tatu. Printa yetu ilikuwa na kelele, na siku hiyo niliichukia.

Alhamisi Bwana Mayaka alirudi. Susana aliingia na jalada la sahihi, akaacha mlango wazi, nami nikaona ni wakati mzuri wa kupanga upya droo ya kabati lililo karibu na mlango huo. Nilisikia kalamu ikisaini mara tatu. Kisha kalamu ikasimama.

"Nani amechapa hii?" meneja aliuliza.

"Ni mimi, mzee."

"Kwa mashine gani?"

"Kwa kompyuta."

Karatasi ilipinduliwa, ikapinduliwa tena.

"Haina kosa."

"Niliisoma mara mbili, mzee." Kisha akaendelea, na hapo nilitamani kumziba mdomo. "Ile shida ya kibodi ilikuwa ni mimi. Ni sukari ya vitambaa vyangu. Sikujua. Nimeviondoa."

Kalamu ikasaini tena, mara mbili. Nilihesabu: tatu na mbili ni tano.

"Hii iache hapa kwangu," alisema meneja. "Nyingine zitoke leo."

Susana alitoka akiwa amekumbatia jalada kifuani. Akaketi mbele ya kompyuta iliyo uchi, akalifungua, akazihesabu zile tano. Halafu akainamisha kichwa mezani akalia, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na mimi nikasimama kando yake bila kujua mikono yangu niiweke wapi. Nilimuuliza kitu kilichokuwa kinaniuma tangu Jumanne: kwa nini aliisafisha barua kama ile, kwa nini hakuiacha na makosa yake, na tarehe yake iliyosahaulika.

Alijifuta macho kwa kiganja.

"Ningeipeleka nyumbani," alisema. "Moraa angeisoma."