Tochi Iliyokuwa Nzima

Juzi asubuhi, nikingojea redio yangu kwa fundi mmoja wa Changamwe, aliingia mlinzi wa yadi ya makontena, mtu mzima, akaweka mezani tochi ndogo ya shaba.

"Nimekaa nayo miaka kumi na miwili. Imetumbukia majini, lori limeikanyaga, wallahi haijazima hata siku moja. Mwezi huu imeanza kufifia. Betri nimebadilisha mara tatu, na namba za kontena bado sizisomi."

Fundi aliielekeza ukutani. Mwanga ulikuwa mkali hata nikakunja uso.

"Mzee wangu, hii ni nzima."

Mlinzi aliukazia macho ukuta kwa muda mrefu.

"Hebu niongezee mwanga kidogo, mwanangu. Msimamizi akijua, kazi sina."

Fundi akaifungua, akapangusa kioo ambacho kilikuwa safi, akamrudishia.

"Sasa afadhali," akasema mlinzi, akatoka akiupapasa mlango.

Hukumu za dini kuhusu kusema uongo nimezidurusu tangu ujanani. Asubuhi ile tulidanganya sote watatu, maana nami nilinyamaza kwa adabu, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaja daktari wa macho.