Mafunjo ya Mofwe Hutembea

Nilipokuwa msichana Nchelenge, mwishoni mwa miaka ya tisini, nyumbani walisema miguu yangu ina wadudu, haitulii mahali pamoja. Hawakukosea. Niliingia mapango ya kisiwa cha Kilwa, nikipiga makofi kwanza mlangoni kuwaheshimu mizimu kama adabu inavyotaka, nikatoka na harufu ya popo kwenye nywele. Niliufuata mto Kalungwishi kwa miguu mpaka mahali maji yanapoanguka kwa kelele. Wenzangu walinicheka kwamba nitaolewa na mamba. Niliwajibu kwamba mamba angalau hasengenyi.

Lakini maji makubwa yanataka mtumbwi, na mtumbwi ulikuwa wa mjomba wangu, kaka yake mama, mfanyabiashara wa samaki aliyevuka kutoka upande wa Kongo kabla sijazaliwa. Aliniachia niutumie ile miezi ya mvua ambayo uvuvi hufungwa ili samaki wazae. Mwaka ninaousimulia, mtumbwi ulikuwa umebaki mbali, kwenye bwawa la Mofwe karibu na Mwansabombwe. Mkwe wa mjomba ndiye aliyeuacha huko uvuvi ulipofungwa, akapanda gari akarudi kwao Puta. Nikaomba nikaulete mimi.

"Mule mu Mofwe majani iko mingi, mutoto," mjomba alisema. "Ata bwanaume banapoteaka."

"Miye sitapotea, mujomba."

"Bon. Enda na yaya yako. Fwata mafundo yenye mukwe wangu alifunga. Lakini kama batu banatoka kukutafuta, ni mwisho. Hautagusa bwato yangu tena."

Nilicheka mbele yake, ila nilijua hatanii. Bila mtumbwi ule ningebaki sokoni nikifukuza nzi kwenye samaki wa wengine mpaka nizeeke.

Yaya, yaani dada yangu mkubwa, alikubali kunisindikiza baada ya kulalamika sana. Alibeba bukari, ugali wetu wa safari, alibeba mbabula ya kupikia, alibeba na mfuko wa makaa, utadhani tunahama. Tuliukuta mtumbwi mzima, tukauingiza kwenye vijia vya maji vinavyotoka bwawani kwenda ziwani. Huko mafunjo husimama pande zote, marefu kuliko mtu, na mbingu hubaki kijistari tu. Wavuvi hufunga vilele vya majani fundo moja kila njia inapogawanyika, ili anayekuja nyuma ajue pa kupita. Tulifuata fundo la kwanza, la pili, na mengine, tukiimba. Kisha fundo moja likatupeleka kwenye ukuta wa mafunjo usio na hata tundu la kupitisha bata.

Tukarudi nyuma. Nyuma napo palikuwa pamefungwa.

Hapo ndipo nilipoyatazama vizuri yale mafundo, na hasira ikanipanda. Yote yalifungwa kwenye mafunjo. Mkwe wa mjomba ni mtu wa Puta, amekulia ufuko wa mchanga na ziwa lililo wazi. Hakujua kwamba mafunjo ya huku hayana mizizi chini. Yanaelea. Maji ya mvua yakipanda, yanang'oka pande kwa pande na kuhama na upepo, na fundo lako linahama nayo. Mtu wa Mofwe hufunga matete, ambayo yameshika udongo. Na kwa kuwa uvuvi ulikuwa umefungwa, hakuna aliyepita kuona kosa lile.

"Tuite batu," yaya alisema. Mbali kidogo tulisikia mtu akipasua kuni. Sauti moja tu ingetosha.

"Hapana, yaya. Usiite."

"Juu ya nini? Unataka tukufe juu ya bwato?"

Nilimwomba anipe muda mfupi tu. Nilijua jambo moja: maji yote ya pale, yajifiche vipi, yanakwenda ziwani. Nikamega bukari nikatupa vipande majini nione vinaelekea wapi. Samaki wakavimeza vyote kabla havijasogea. Nikatupa vingine, navyo vikaliwa. Samaki wa mwezi wa kufungwa hawana woga hata kidogo.

"Mayo!" yaya alipiga ukelele. "Sasa unalisha samaki, na siye tutakula nini?"

Nikafungua mfuko wake wa makaa. Kaa halizami, na hakuna samaki anayelitaka. Niliponda machache nikayamwaga. Yalikaa palepale kwanza, yakanikatisha tamaa. Kisha polepole yakaanza kusogea kuelekea pembe ambayo nisingeichagua kamwe, yakapenya chini ya majani yaliyolala. Tukayasukuma yale majani kwa upondo. Nyuma yake kulikuwa na njia.

Tuliendelea hivyo, makaa mbele na sisi nyuma, na kila njia ilipogawanyika nilifunga fundo kwenye matete. Usiku tulilala kwenye kibanda cha wavuvi kilichokuwa kitupu. Kesho yake upepo ukatupiga usoni, mafunjo yakaachana, na ziwa Mweru likawa mbele yetu lote. Nililia kwa furaha. Yaya pia alilia, ingawa alisema ni makaa yamemwingia machoni.

Mjomba alitupokea ufukweni Nchelenge, akauzunguka mtumbwi akiukagua.

"Nani alibatosha mule mu majani?"

"Hakuna mutu," yaya alijibu kabla yangu. "Ni huyu."

Mjomba akaufunga mtumbwi, akaenda zake. Niliumia, kwa sababu nilistahili hata neno moja la sifa.

Uvuvi ulipofunguliwa, wanaume walikusanya mitumbwi yao ufukweni kwenda Mofwe, mkwe wa Puta akiwa miongoni mwao. Mjomba aliniita mbele yao wote. Kwetu anayekaa nyuma ndiye anayeongoza, na sijawahi kumwona mjomba akikaa mahali pengine katika mtumbwi wake. Siku hiyo alipita pale nyuma, akaenda mpaka mbele, akakaa na kupakata mfuko wake mapajani kama abiria.

"Tuende," alisema, bila kugeuka.