Mpini wa Mathenge

Mtu akiniuliza kama zana za bei rahisi zinamfaa anayeanza useremala, namjibu kabla hajamaliza swali: zinafaa. Zangu nilizinunua Lodwar, kwa mchuuzi aliyezitandaza juu ya turubai kando ya barabara: msumeno, patasi na nyundo. Jirani zangu wakasema hizo ni za watoto kuchezea. Niliwaacha wacheke. Ile patasi ilikuja butu kama kijiko, nami niliisugua kwenye jiwe mpaka ikanyoa vinyweleo vya mkono wangu.

Nilitaka kitu kimoja tu: kufunzwa kazi na fundi Mkongo mwenye karakana kule kambini Kakuma. Vitanda vyake havikulia hata mtu ajigeuze vipi. Kwake kila mfanyakazi alikuwa na msumari wake ukutani wa kuning'inizia zana. Mgeni aliziacha zake ndani ya mfuko, chini sakafuni.

Siku moja kabla ya safari niliitumbukiza nyundo kwenye ndoo ya maji. Kwetu wengi hufanya hivyo, maana joto la Lodwar hukausha mpini ukalegea, na maji huufanya uvimbe ubane tena. Asubuhi ilikuwa imekaza kabisa. Nikapanda lori, nikakaa juu ya magunia, jua likatuwakia hadi Kakuma.

Fundi alinipa kipande cha mathenge, mti mgumu usio na huruma, akaniambia nichimbe tundu. Patasi iliingia vizuri, nikaanza kujisikia. Nilipoinua mkono tena, kichwa cha nyundo kilichomoka, kikapita karibu na sikio la fundi na kugonga mabati. Karakana nzima iliangua kicheko. Niliona aibu hadi machozi yakanilengalenga.

"Dada, hii nyundo itaua mutu," fundi alisema, yeye peke yake bila kucheka. "Kamata mufuko yako, rudia nyumbani."

"Nyundo haina makosa, fundi. Ni mpini, maji yamekauka juani ukasinyaa. Wacha nitengeneze."

Sikungoja ruhusa. Ningerudi Lodwar na mfuko ule, wale jirani wangenicheka mpaka uzeeni. Niliokota kipande kikavu cha mathenge kwenye mabaki, nikakichonga kwa ile ile patasi ya kuchekwa, nikakipitisha kwenye kichwa cha nyundo, nikapasua ncha na kupigilia kabari. Maji sikuyagusa. Kisha nikarudi kwenye tundu langu nikalimaliza, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Fundi alipima tundu kwa kidole. Akaichukua nyundo, akaitikisa, akaigonga kwenye meza, akaitikisa tena. Halafu akatoa msumari mfukoni mwa shati, akaupigilia ukutani kwa nyundo hiyo hiyo, akaining'iniza hapo.

"Kesho usikuje na mufuko," alisema.