Udhu wa Kyoto

Mpaka leo nikiiona ile picha damu inanichemka. Nimo mimi, nimekunja mikono ya baibui mpaka kwenye viwiko, nimeshika kata ya mwanzi, nimeinamia birika la mawe. Nyuma yangu lipo lango jekundu na mbweha wa jiwe aliyefungwa kitambaa shingoni. Aliyeipiga ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Na yeye ndiye aliyeipitisha mkono kwa mkono kwenye sebule ya watu huko Ladywood, mtaa wa Birmingham, Uingereza, huku anacheka.

Miaka hiyo, ya elfu mbili na kitu, nilikuwa nasomesha chuo cha Kurani nyumbani kwangu Acocks Green. Jumamosi na Jumapili watoto wa Kizanzibari na wa Bara walivua viatu ukumbini, wakakaa mkekani, wakasoma, tangu wa alifu na be mpaka wa juzuu kubwa. Nikiwasemesha Kiswahili walinijibu kwa Kiingereza, lakini mbele ya msahafu hapakuwa na ubishi. Kazini kwangu, mjini Birmingham, waliniita kwa nusu ya jina langu kwa sababu zima liliwashinda. Kwa watoto wale nilikuwa mwalimu. Sikuwa na kitu kingine katika nchi ile ambacho ningeweza kusema ni changu.

Mume wangu alikuwa akinunua magari mitumba Japani na kuyapeleka Dar. Mwaka mmoja akaniambia twende wote, na wifi aliposikia akajitia safarini. Yeye alikaa Sutton Coldfield, nyumba ya bustani mbele na nyuma, na katika shughuli za wanawake wetu yeye ndiye aliyetangulizwa, yeye ndiye aliyefungua dua. Kwetu mawifi ni watani. Wifi akikwambia mchuzi wako maji ya kuoshea samaki, unacheka na kumrudishia lake. Mtani hanuniwi. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona ubaya wake, mpaka siku hiyo.

Mume alipokwenda mnadani, alitulipia matembezi ya siku moja ya mji wa Kyoto na hekalu moja la jirani. Tulipanda basi na wazungu, na mtembezaji wetu alikuwa mzee wa Kijapani mwenye kibendera cha manjano. Asubuhi alitupitisha kwenye kasri la zamani ambalo mbao za sakafu yake hulia kama ndege ukizikanyaga, ili adui asiingie kimya kimya. Tukaona nyumba ya dhahabu juu ya ziwa. Chakula cha mchana niliogopa nguruwe, nikala wali mtupu na matango ya siki. Wifi alikula kila kilichokuja, na hakuuliza.

Tulipofika hekaluni Adhuhuri ilikuwa inatutoka. Siku za baridi kule jua linazama upesi, na basi lilikuwa halirudi mpaka Magharibi. Wifi akasema, "Sisi wasafiri, tutachanganya hotelini." Nikamwambia wa kuchanganya Adhuhuri na Alasiri hangojei Magharibi iingie. Akaangua kicheko, akaenda kununua aiskrimu ya kijani.

Sasa, langoni, kando ya mbweha wa jiwe wanayemheshimu kama mjumbe wa mungu wao, palikuwa na birika la mawe, maji yanatiririka, na juu yake zimepangwa kata za mwanzi. Mzee akatueleza kwamba mtu haingii mahali pale mpaka anawe mikono na asukutue mdomo. Niambie, mtu aliyekulia Unguja, aliyezoea birika la msikitini na kata yake, aone nini pale? Mimi niliona maji safi na Sala inayopita. Nikapiga bismillahi, nikanawa mikono, nikasukutua, nikapandisha puani, nikaosha uso, mikono, nikapaka kichwa na masikio. Nilipovua kiatu nioshe mguu, mzee akaja mbio amepishanisha vidole msalaba, ishara yao ya kukataza. Miguu haioshwi pale.

Hakunigombeza. Nilipomwambia nataka kusali alinichukua nyuma ya vyoo, kwenye bomba la mtunza bustani, nikaosha miguu yangu. Akaniuliza Makka iko wapi, nikamwonyesha kwa jua. Nikatandika mtandio wangu nyuma ya basi nikasali, na mzee yule wa mbweha akasimama na kibendera chake kuwazuia watu wasinipite mbele. Wifi yuko pale pale, hatua chache, analamba aiskrimu yake na ananitazama toka takbira mpaka salamu. Kamera aliyonipigia pale birikani ilikuwa shingoni mwake. Hiyo hakuipiga.

Tuliporudi Birmingham akasafisha picha, akaenda nazo Ladywood kwenye shughuli ya akika ya mtoto. Mimi nilikuwa kazini. Nilihadithiwa baadaye kwamba aliinyanyua ile picha akasema, "Mwoneni mwalimu wenu, anatawadha kwa mbweha!" Wakacheka wote. Kufika jioni, utani ulishageuka habari. Mwalimu amenawa maji ya mizimu. Mwalimu amekunywa. Mwalimu amesujudia jiwe. Lisemwalo lipo, wakaambizana.

Jumamosi hiyo walikuja watoto watatu. Iliyofuata hakuja mtu. Kisha ikapigwa kengele, nikakimbilia mlango, nikakuta msichana mmoja wa chuo changu, amesimama na viatu vyake miguuni. Alikuwa amekaribia kuhitimu, kabakisha juzuu mbili. Mama yake alikuwa garini, hakushuka.

"Mum says can I have my msahafu, please," akasema, na macho yake chini.

Nikampa. Nilitaka kwenda kuligonga dirisha la lile gari kwa kiatu. Mama yule namjua, aliagiza hirizi Pemba ili mumewe asiongeze mke, na mimi nilinyamaza. Leo yeye ndiye ananipimia imani yangu! Usiku mume wangu akasema, "Nyamaza, yatapita." Kwake yeye, dada yake hajawahi kukosa tangu azaliwe.

Nikapanda treni mpaka mjini, nikabadilisha, nikaenda Sutton Coldfield. Wifi akanifungulia kwa furaha, akanitia chai.

"Umewaambia nini watu?" nikamuuliza.

"Aa, utani ule, jamani! Siku hizi hata kutaniwa hujui?"

"Chuo changu kimekufa. Waambie uliniona nasali."

Akakoroga chai yake. Akasema bila hata haya, "Nikisema nilikuona unasali, si wataniuliza miye nilikuwa wapi?"

Nikaona kumbe sababu ndiyo hiyo. Siku ile hotelini hakuchanganya wala hakutenganisha, alilala na viatu. Bora mimi niwe mshirikina kuliko yeye aulizwe swali moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Ningeweza kwenda Ladywood nikasema kila kitu, lakini nimefundishwa kumsitiri mtu, na nimewafundisha watoto wa watu hivyo hivyo. Nikaondoka bila kuigusa chai yake.

Siku mbili hivi baadaye akanipigia simu, sauti imejaa asali. "Nimeshayamaliza, wifi. Nimewaambia umekuja kwangu ukalia, ukatubu. Wote wamefurahi. Jumamosi wanakuletea watoto."

"Nimetubu nini?"

"Si maneno tu? Wewe shika watoto wako."

Nikakata simu. Nikapiga ukuta kwa kiganja mpaka mkono ukafa ganzi. Mume wangu akasema, "Si umewapata? Basi." Usiku ule sikumpikia.

Jumamosi wakaja kweli, kina mama na watoto, wamejaa mlangoni kwenye mvua. Mmoja kaleta visheti. Yule wa hirizi akanishika mkono akaubana, akasema, "Kila mtu hukosea, mwalimu. Mungu msamehevu."

Neno lilikuwa mdomoni: Sikukosa. Ningelisema, wangegeuka na watoto wao wakarudi zao garini. Chini pale, yule msichana wa juzuu mbili alikwisha kuvua kiatu kimoja, ameegemea ukuta, ananitazama, anangoja kujua kama avue na cha pili.

Nikasema, "Karibuni." Nikatandika mkeka. Nikamwambia msichana afungue tulipoachia, nikaanza kumtangulia kusoma, na sauti yangu ikawa inatetemeka kwa hasira, siwezi kuituliza. Ukumbini nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenziwe, "Maskini, majuto hayo."